Maswali Niliyomuuliza Mwenye Birika

Ilianza Jumatatu ya kwanza ya Desemba, saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa naijua kwa sababu niliiandika juu ya ukurasa, kama tunavyoandika ripoti ya maabara shuleni, na chini yake nikaweka swali la kwanza: Mgeni akiingia, unafanya nini? Mwenye Birika alikuwa amechuchumaa, anasugua masizi kwa majivu. Alinitazama, akalitazama daftari, akarudi kwenye masizi yake.

"Namwangalia miguu," akasema.

"Si uso, Mama?"

"Uso mtu anaivaa akiwa njiani. Miguu anasahau. Ile miguu inakuja mbio, huyo nampa mrija lakini maji nachelewesha. Ile inaburuta, namuweka pale kwa ukuta, aegemee. Andika, Karani."

Nikaandika. Tangu siku hiyo akaniita Karani, na mimi niliona raha kuitwa hivyo kuliko nilivyowahi kumwambia.

Klabu iko Busia, upande wa Uganda, nyuma ya mahali malori yanapongojea kuvuka. Ni ya Bosi. Sisi tunapanga chumba cha nyuma, na mama yangu anakaanga mihogo mlangoni. Kinachouzwa pale ni malwa, pombe ya ulezi, na malwa haina glasi. Huwekwa chunguni ikiwa nzito kama uji, watu wakakizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mtu mmoja anapita na birika la maji moto akiongeza. Ladha yote iko katika mkono wa huyo mtu. Akiwahi, mnakunywa maji ya kuoshea sufuria. Akichelewa, mnavuta makapi. Mkono huo ulikuwa wake tangu nikiwa na meno ya utotoni.

Maswali hayakuwa yangu. Mpwa wa Bosi alikuwa amerudi kutoka Kampala na programu ya akili bandia kwenye simu. Alisema watu wataandika kwa namba ya klabu, na simu itawajibu yenyewe kama mtu: itawasalimu, itawauliza wako wangapi, itawapangia chungu na kiti kabla hawajafika. Lakini ili isiongee kama benki, ilibidi ilishwe maneno ya Mwenye Birika. Na mimi nilikuwa nimemaliza mtihani wa S4, yaani kidato cha nne, sina kazi, mwandiko wangu unasomeka. "Huyu msichana hana maneno mengi," Bosi alimwambia mpwa wake, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. "Atasikiliza."

Mwenye Birika alikubali bila kuuliza inamfaa nini. Alidhani, aliniambia baadaye, kwamba ni mambo ya shule.

Yeye alifanya kazi kwa masikio. Chungu kikipungua maji, mirija huanza kukoroma, na kila chungu kina mkoromo wake. Angeweza kuwa amewapa mgongo, anapepeta ulezi, akasema, "Hiyo ya mlangoni imechoka," akainuka na birika. Nilipomuuliza anaongeza maji baada ya muda gani, akasema, "Ikiomba." Mpwa wa Bosi akasema mashine haielewi ikiomba, andika dakika. Basi nikakaa siku tatu nikipima kwa simu. Mara dakika tisa, mara arobaini, siku ya mvua karibu saa nzima. Nikaandika ishirini. Ishirini haikuwa kweli hata siku moja, lakini ilikaa vizuri kwenye kisanduku cha programu.

Kuna alichokifanya kwa maji ambacho sikuwahi kukiandika popote mpaka leo. Alikuja mtu wa boda ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa Tororo. Alifika mchana, akashika mrija, hakuuachia. Mwenye Birika akawa anapita kwake mara kwa mara kuliko kwa wengine, anamimina kidogo, anaenda, anarudi, anamimina. Kufikia saa kumi na moja yule mtu alikuwa anakunywa maji ya uvuguvugu yenye rangi. Akasimama, akajinyoosha, akasema, "Leo, Mama, ilikuwa kali," akawasha pikipiki yake, akaenda sawasawa kama mtu aliyetoka kanisani.

"Hiyo usiandike," akaniambia. "Bosi atasema namwagia pombe yake maji."

Aliposema nisiandike, sikuandika. Nalitaja hilo ili ijulikane kwamba nilikuwa najua kumtii.

Mirija ya wateja wa kila siku ilining'inia ukutani kwenye misumari, haina alama yoyote, na hakuwahi kumpa mtu mrija wa mwingine. Mteja akifa, aliutoa siku hiyo hiyo, akauosha, akaufunga kwa kitambaa, akaupeleka msibani mwenyewe. Hakutoa hotuba. Aliuweka mikononi mwa mjane, akaenda jikoni kusaidia kuchota maji. Msumari ukabaki mtupu mwaka mzima. Niliwahi kumwona mgeni akitundika kofia yake kwenye msumari kama huo. Mwenye Birika akaitoa ile kofia, akamwekea mwenyewe magotini.

Pombe yenyewe hakuionja. Jumapili alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mbele, sauti ya pili, na mchungaji alishamwambia zaidi ya mara moja atafute kazi nyingine. "Mimi namimina tu," alimjibu. "Anayekunywa aombewe yeye." Aliwachukia walevi kwa maneno makali kabisa, halafu ungemkuta Jumatatu asubuhi anafua shati la mlevi aliyejitapikia, anaisugua kola kama ya mwanawe. Sabuni yake hakumwazima mtu. Ya mlevi aliinunua yeye.

Na mdomo alikuwa nao. Kulikuwa na dereva mmoja wa trela aliyekuwa akimtania kila akipita mpaka.

"Mama, si unioe mimi?"

"Nikuoe nikuweke wapi? Nyumba yangu iko na kiti moja, na nakalia mimi."

"Nitasimama."

"Kusimama huwezi. Nimekuona ukitoka hapa."

Watu wakacheka mpaka mirija ikawatoka mdomoni. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshafika chungu kingine.

Aliuchukia uongo, ila uongo mmoja. Mtu akitaka kukaa mahali ambapo hakufai, alimwambia, "Hapo kuna upepo. Kaa huku." Klabu yetu ina kuta tatu na maturubai, upepo unaingia au hauingii, lakini hauchagui kiti. Ilinichukua miaka kuelewa. Upepo ulikuwa mwanamke aliyeachana na mume wake juzi. Upepo ulikuwa ndugu wawili wenye kesi ya shamba. Hakuna aliyebishana naye. Mtu alichukua mrija wake akahama, na wengine hawakujua kwamba aibu ilikuwa imepita karibu nao ikaelekezwa pengine.

Siku niliyomuuliza kuhusu viti, aliweka birika chini. Hilo hakuwa akilifanya kwa maswali mengine.

"Sikiza hii vizuri. Mkwe na mama mkwe hawaweki mrija kwa chungu moja. Kamwe. Si hapa Busia, si kwetu, si Lunyo, si hata kule Kenya. Ni kama kumvua mama wa bibi yako nguo. Sasa mimi kabla sijakalisha mtu, nafikiria kwanza ameoa wapi. Wote hawa, najua walioa wapi. Hiyo simu yenu haijui. Kwa hivyo iulize. Andika hiyo juu kabisa."

Niliandika juu kabisa. Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike haya yote. Mpwa wa Bosi alikuwa na umri wa miaka kama ishirini na minne, ananukia sabuni ya mji, na akiniongelesha ananiangalia machoni, jambo ambalo wavulana wa darasa letu hawalifanyi. Nilikuwa nachapa majibu kwenye kompyuta yake, yeye amesimama nyuma yangu. Akasoma kutoka kwenye daftari, akacheka.

"Hii nayo? Tuwaulize watu wameoa wapi kabla hawajaagiza? Hizi ni mambo ya kijijini. Watu watatuona washamba."

Nikacheka na mimi. Sikuona cha kuchekesha. Nilicheka ili nisiwe mshamba, nikafunua ukurasa, nikaendelea na swali lililofuata.

Januari simu ikaanza kazi. Iliwakaribisha watu kwa maneno yake yeye: "Karibu, vua uchovu mlangoni." Ilitania kama yeye. Bosi alifurahi, akaajiri msichana wa kushika simu na kuwasomea wageni viti vyao, na Mwenye Birika akaambiwa abaki nyuma kwenye moto, achemshe maji, apeleke kila dakika ishirini.

Jumamosi ya tatu, saa kumi jioni, aliingia mama mmoja wa Lunyo na wenzake wawili, wametoka sokoni. Simu ikawapa chungu cha tatu. Nusu saa baadaye akaja kijana anayeziba magurudumu upande wa Kenya, naye ameandikiwa chungu cha tatu, kiti cha nguzo. Akakaa akiwa bado anaitazama simu yake. Akatumbukiza mrija, akavuta. Yule mama wa Lunyo alikuwa ameinamia mrija wake upande wa pili. Wakainua vichwa kwa wakati mmoja.

Alikuwa mama wa mke wake.

Yule mama alijifunika uso kwa leso. Kijana aliruka, mrija ukatoka, pombe ikamchuruzikia suruali, akabaki ameushika hewani kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Hakuna aliyecheka. Mwenye Birika alitokea nyuma na maji yake, kwa sababu dakika ishirini zilikuwa zimefika. Akaona. Akaweka birika sakafuni, akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakifunika chungu chote, mirija na yote, kama unavyofunika maiti barabarani.

Kesho yake wazee wa pande mbili walikuja. Mbuzi alishatajwa, wa kuosha jambo lenyewe, na ilibaki kujua kosa ni la nani. Bosi aliwaonyesha simu.

"Haya maneno ya kukaribisha ni ya nani?" mzee mmoja akauliza.

"Ya kwangu," akasema Mwenye Birika.

"Nani aliifundisha mashine?"

"Mimi niliulizwa, nikajibu."

"Uliiambia habari ya wakwe?"

"Nilimwambia huyu mtoto."

Wakanigeukia. Wazee, Bosi, kijana wa magurudumu, mama yangu na mwiko wake mlangoni. Daftari lilikuwa chumbani, hatua thelathini.

"Ni kweli alikuambia?" Bosi akauliza.

Nilitazama chini. Kulikuwa na siafu wanabeba ganda la ulezi. Mpwa wa Bosi akasema, "Mimi nimeangalia ndani ya programu, hakuna kitu kama hicho," na hilo lilikuwa kweli. Nikaendelea kuwatazama siafu. Sikusema hapana. Sikusema kitu.

Mwenye Birika alinitazama. Si kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Basi labda nilisahau. Nazeeka."

Mwanamke aliyejua kila mtu ameoa wapi akasema alisahau, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Kabla jua halijatua alikuwa amefunga vitu vyake kwenye gunia moja na kurudi kwao Iyolwa. Aliondoka nikiwa chumbani. Nilimsikia akiagana na mama yangu, akasema nisiamshwe, na sikuwa nimelala.

Simu bado inafanya kazi. Waliiongezea lile swali la ndoa. Mpwa wa Bosi alilichapa kwa dakika moja. Siku fulani baada ya chakula cha mchana niliiandikia: Mama, upo? Ikanijibu hapo hapo: "Karibu, vua uchovu mlangoni. Mko wangapi?" Nikaandika: Mmoja. Ikanipa chungu cha pili, kiti cha ukutani. Nilikaa nikisoma hilo neno ukutani mpaka kioo kikazimika.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, mama aliniambia niende nikamwonyeshe. Hakuniambia kwa nini. Nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta anapalilia karanga kwenye shamba la mtu mwingine, jembe lake fupi, mabega yameingia ndani. Hakuonekana kushangaa. Alinawa mikono, tukaenda kwake, akanifutia kiti, yeye akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Kweli alikuwa na kiti kimoja.

Akaitazama karatasi ya matokeo ingawa hakujua kusoma. "Umepita?"

"Nimepita, Mama."

"Utakwenda kusoma nini?"

"Sijui bado."

Akaweka chai. Ng'ambo ya ua watu walikuwa wanapiga turubai, wanapanga viti. Nikauliza kuna nini.

"Wanamaliza matanga ya jirani yangu. Yule mzee tumelima naye tangu zamani." Akakoroga chai. "Wameita mtu kutoka Molo aje kumimina."

"Kwa nini si wewe? Uko hapa hapa."

"Wanasema mimi nachanganya wakwe."

Akatoa kicheko kidogo cha puani. Hapo ndipo nilipovunjika. Nilimwambia yote: kwamba aliniambia, kwamba niliandika, kwamba nilipiga mstari kwa rula, kwamba nilicheka na nikafunua ukurasa. Nilisema nikiwa nalia, na nadhani nusu haikueleweka.

"Najua," akasema. "Nilikuona unaandika."

"Mbona ulisema ulisahau?"

"Ulikuwa unatetemeka. Nikasema, huyu ni mtoto wa aibu, tusimvunje mbele ya watu. Nikajiambia mpe siku mbili, atakwenda kusema mwenyewe polepole." Akanywa chai. "Imekuwa wiki ngapi?"

"Tano."

"Tano," akasema.

Nilimuuliza kama atarudi Busia nikimwambia Bosi. Akatikisa kichwa. Kazi hakuitaka tena, alisema, mgongo umechoka na moshi. "Nataka mtu akifa hapa jirani, niitwe nimimine. Hiyo tu." Hakusema niende kwa nani. Hakusema nimesamehewa. Alisema chai inapoa, na nilipoondoka alinisindikiza mpaka kwenye njia, akageuka mapema kuliko wenyeji wanavyogeuka. Ngoma ya matanga ilikuwa imeanza. Alipita pembeni ya turubai bila kuangalia ndani.

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili. Nilichukua boda mpaka Lunyo, kwa yule mama aliyejifunika leso. Nilimkuta ameshavaa, anafunga mlango, Biblia kwapani. Nilipiga magoti nikamwambia hapo mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mwenyewe umemwambia?"

"Jana."

"Akasema nini?"

"Akanipa chai."

Alimalizia kufunga mlango. Halafu akasema, "Mimi na wenzangu ndio tulipeleka hiyo habari. Tuliisema hapa, ikaenda soko kwa soko mpaka kwao. Kuniambia mimi peke yangu hakusaidii. Inuka, twende."

Kanisani tulikaa pamoja benchi la tatu. Ibada ilipofika kwenye matangazo, akainuka, akamnong'oneza mzee wa kanisa, akanipungia mkono. Nilitembea mpaka mbele. Kipaza sauti hakikuwa kinafanya kazi. Nikamtaja Mwenye Birika kwa jina lake kamili, nikataja Iyolwa, nikasema hakusahau, aliniambia mimi, na ni mimi niliyeliacha. Mtu mmoja nyuma akasema hawasikii. Nikavuta pumzi, nikaanza tena tangu jina.